Kuutembelea Mji wa Mombasa: Mazungumzo kwa Watu wa Garsen na Mto Tana

Watu wa Garsen, wa Ngao, wa Tarasaa na wote wakaao kandokando ya Mto Tana huenda Mombasa mara nyingi, lakini ni wachache waendao kuutazama mji wenyewe. Mmoja huenda kwa kuwa mgonjwa wake amepewa barua ya kwenda hospitali kuu. Mwingine hupeleka maembe sokoni. Wa tatu humfikisha mwanawe chuoni. Wa nne ameuza ng'ombe na anataka kununua mabati ya nyumba. Kila mmoja hushuka garini, hufanya lile lililompeleka, hulala usiku mmoja kwa jamaa au katika nyumba ya wageni, na asubuhi hupanda gari kurudi. Wazee wakimwuliza ameona nini huko, hujibu kwamba ameona joto, watu wengi na kelele za magari.

Hiyo ni hasara ya namna mbili. Ya kwanza ni ndogo: nauli imelipwa na macho hayakuona kitu. Ya pili ni kubwa. Mtu asiyeujua mji ndiye adanganywaye katika mji, na mara nyingi fedha zilizomo mfukoni mwake si zake peke yake, bali ni mavuno ya mwaka mzima, au ni mchango wa ukoo wote kwa ajili ya mgonjwa. Basi kuutembelea mji na kuujua si kazi ya wavivu wala ya watalii tu. Ni elimu, na ni ulinzi wa mali. Mazungumzo haya yamekusudiwa kueleza mambo yafaayo kuonwa na kufanywa na mtu atokaye Mto Tana akiwa na siku mbili au tatu za kukaa Mombasa.

SAFARI YENYEWE

Kutoka Garsen mpaka Malindi ni kama kilometa 110, na kutoka Malindi mpaka Mombasa ni kama kilometa 120. Msafiri apitaye njia panda ya Minjila alfajiri aweza kufika Mombasa kabla ya jua kuwa kali, mradi njia ni kavu. Wakati wa mvua kubwa sharti aulize kwanza. Mafuriko ya mwaka 1961, ya 1997 mpaka 1998, na ya 2023 mpaka 2024 yaliwafundisha watu wa Tana kwamba mto ukitaka kupita hauombi ruhusa ya barabara. Tena, awe na kitambulisho chake mkononi, maana njiani viko vizuizi vya polisi, na mtu atafutaye karatasi chini ya mzigo huwachelewesha abiria wote.

Yafaa msafiri ayatazame maji anayoyavuka. Karibu na Malindi huvuka Mto Sabaki. Halafu huvuka hori la Kilifi, kisha la Mtwapa, na mwisho huvuka Nyali aingie kisiwani. Zamani safari hii ilikuwa ya subira. Mahali kadha wa kadha gari lilisimama kungoja kivuko, kama walivyongoja watu wa Garsen waliotaka kwenda Lamu kabla ya daraja lao. Pale Nyali palikuwa na daraja lililoelea juu ya maji tangu mwaka 1931, na mahali pake pakajengwa daraja la saruji lililofunguliwa mwaka 1980. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Kijana wa leo hupita yote manne akiwa amelala kitini. Mzee aliye karibu naye na amwamshe, amweleze habari hizo.

KUSHUKA GARINI

Mombasa ni kisiwa, nacho kimeungana na bara kwa daraja la Nyali upande wa kaskazini, kwa njia ya Makupa upande wa magharibi, na kwa kivuko cha Likoni upande wa kusini. Mgeni akiyashika hayo matatu hapotei kabisa, kwa kuwa kila njia kubwa ya kisiwani humfikisha kwenye moja kati ya hayo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, na Kaunti ya Tana River watu 315,943. Maana yake ni kwamba katika kipande kidogo cha nchi wamo watu karibu mara nne ya wale walioenea katika nchi yote ya Tana. Hapana budi wawemo wema wengi, na wabaya wachache wasikosekane.

Kwa hiyo mgeni afanye mambo manne. Mzigo wake asimpe mtu asiyemjua, hata akiitwa mjomba au ami kwa sauti tamu. Nauli ya tuktuk au ya bodaboda aipatane kabla ya kupanda, si baada ya kushuka. Fedha nyingi asitembee nazo. Ni heri ziwe katika benki au katika simu, na namba ya siri asimtajie mtu yeyote, hata ajiitaye karani wa kampuni ya simu. Na jambo la nne, akipotea aulize kwa mwenye duka au kwa askari, asiulize kwa kijana amfuataye nyuma.

NGOME NA MJI WA KALE

Mahali pa kwanza pafaapo kuonwa ni Ngome ya Yesu, ambayo watu wengi huiita Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, fundi Mwitaliano, juu ya mwamba wa matumbawe ulio mlangoni mwa bandari ya kale. Mwezi wa Machi mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizingira. Walioizingira na waliozingirwa walivumiliana karibu miaka mitatu, mpaka ngome ikatekwa mwezi wa Desemba 1698. Na waliokufa ndani kwa maradhi na njaa walikuwa wengi. Merikebu moja ya Wareno iliyokuja kuwaokoa, jina lake Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Katika miaka ya 1970 wapiga mbizi walivitoa baharini vitu vyake vingi, na baadhi vimewekwa humo ngomeni watu wavione.

Waingereza nao waliifanya ngome kuwa gereza tangu mwaka 1895 mpaka 1958. Baadaye ikatengenezwa, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Mwaka 2011 iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Ada ya kuingia kwa raia wa Kenya ni ndogo kuliko ile ya mgeni wa nchi za nje, kwa hiyo kitambulisho kitamfaa msafiri langoni. Asimame juu ya ukuta pale mizinga ilipo, atazame bahari. Hapo ataelewa kwa nini mataifa yaligombania mahali hapa: aliyeishika ngome aliushika mlango wa bandari.

Nyuma ya ngome ndipo uanziapo Mji wa Kale. Njia yake iliyo mashuhuri huitwa Ndia Kuu, na mgeni asidhani kwamba aliyeiandika amekosea, maana katika Kimvita njia ni ndia. Mtu wa Kipokomo ataona raha kusikia maneno ya namna hiyo, kwa kuwa Kipokomo na Kiswahili ni ndugu wa ukoo mmoja. Humo vichochoroni mna milango ya mbao iliyochongwa na roshani zinazotokeza juu ya njia. Uko Msikiti wa Mandhry, ulio miongoni mwa misikiti ya kale kabisa ya mji. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa uchaji na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri, yenye visima mlangoni ambamo watu walinawa miguu kabla ya kuingia. Adabu hiyo haijatoka. Mgeni avae nguo za heshima, asiwapige watu picha bila idhini, na akitaka kuingia msikitini au hekaluni aombe ruhusa kwanza, avue viatu.

WATU WA MATAIFA MENGI

Katika mji huu mna Waswahili wa Thenashara Taifa, yaani yale makabila kumi na mawili ya wenyeji. Mna Wamijikenda waliotoka bara iliyo jirani. Mna Waarabu wa Oman na wa Hadhramaut, Wabulushi ambao wazee wao walikuja kuwa askari, Wahindi wa dini mbalimbali, Wagoa, Wasomali, na watu wa kila kabila la Kenya waliofuata kazi za bandari na reli. Mahekalu ya Wahindu na ya Wajaini, makanisa na misikiti vinasimama mtaa kwa mtaa. Watu wa Tana, ambao Wapokomo wao hulima na Waorma na Wawardei wao huchunga, na ambao mara kadhaa wameumizana kwa ajili ya maji na malisho, watazame sana jambo hili. Si kwamba watu wa Mombasa hawagombani kamwe. Lakini soko ni moja, na Bohora auzaye misumari hamwulizi mnunuzi kabila lake.

Chakula nacho ni elimu. Asubuhi mgeni ale mahamri na mbaazi. Mchana biriani au pilau. Jioni aende barabara ya Mama Ngina, pale penye mibuyu mikubwa mbele ya bahari, ambapo pwani yake ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019. Hapo atapata muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, na madafu, na kukaa kwake kwenye ukuta kutazama meli zikiingia hakulipiwi hata senti. Usiku wauza kahawa chungu hupita na mabirika yao, na kashata kidogo huiondoa ile uchungu.

BANDARI, RELI NA PEMBE

Kilindini maana yake ni mahali pa maji ya kina kirefu, na ndiyo sababu meli kubwa hufika hapo. Bidhaa za Uganda, za Rwanda, za Sudan Kusini na za mashariki ya Kongo hupita bandari hii. Ndani ya bandari haingii kila mtu, lakini kutoka kwenye kivuko cha Likoni meli huonekana vizuri zikipita, kubwa kuliko mtaa mzima wa Garsen. Mtoto wa shule aliyeona jambo hilo kwa macho yake hasahau tena somo la biashara.

Reli ya kwanza ya kwenda Uganda ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896. Reli mpya, iliyo pana zaidi, ilifunguliwa mwaka 2017, na steshini yake iko Miritini, nje ya kisiwa. Katika barabara ya Moi, iliyoitwa zamani Kilindini Road, yako yale matao ya pembe za ndovu ambayo kila mgeni hupigia picha. Pembe hizo ni za alumini tu, na kwanza ziliwekwa katika miaka ya 1950 kwa heshima ya ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza. Zikitazamwa pamoja zafanya herufi M.

KIVUKO NA BAHARI

Hapa maneno ni mazito, na msikilizaji ayashike. Kivuko cha Likoni ni jambo la kuonwa, na waendao kwa miguu huvuka bila kulipa. Lakini tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilichojaa watu kupita kiasi kilipinduka Mtongwe, na watu 272 wakafa maji. Kwa hiyo mgeni akiona msongamano, angoje kivuko kinachofuata. Asirukie ubavuni, asiwaache watoto mkono, na akiwa ndani ya gari ashuke kama aelekezwavyo. Dakika ishirini za kungoja hazijamwua mtu.

Bahari nayo ina desturi zake. Mtu wa Tana aujua mto: ajua mamba hukaa wapi, na ajua mkondo ulivyo. Lakini mto hauendi na kurudi. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika siku moja na kitu, na wakati wa bamvua maji ya Mombasa huweza kupanda na kushuka zaidi ya meta tatu. Mahali alipotembea mtu kwa miguu saa nne asubuhi, alasiri pana maji ya kumzamisha. Akienda pwani ya Jomo Kenyatta, upande wa Bamburi, ambako watu wote huruhusiwa kuoga, awaulize wavuvi au walinzi saa ya maji kujaa, aoge penye watu, na asiende mbali eti kwa kuwa nyumbani ni mwogeleaji hodari.

Karibu na hapo iko bustani ya wanyama iitwayo Haller Park. Palikuwa mashimo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mahali pakavu kama mfupa. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda mivinje, na jongoo wakasaidia kuyageuza majani yake kuwa udongo. Leo ni msitu. Humo ndimo alimopelekwa Owen, kiboko mchanga aliyepatikana pwani karibu na Malindi baada ya mawimbi makubwa ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee aitwaye Mzee, hata habari zao zikaenea duniani. Watoto wa Tana wamezoea kumkimbia kiboko. Watafurahi kusikia kwamba mmoja alimfanya kobe kuwa mama yake.

SOKO, HOSPITALI NA CHUO

Masoko ni mawili yafaayo kujulikana. Marikiti, lililojengwa mwaka 1914 katika barabara ya Digo, ni soko la viungo, matunda na mboga. Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali, ndilo soko kubwa la jumla, na huko ndiko maembe mengi ya Tana huishia. Shauri kwa mkulima ni hili: kabla ya kuleta mzigo, aje mara moja mikono mitupu. Afike Kongowea alfajiri wakati malori yanaposhusha, asimame kando, asikilize. Asikie dalali amnunuliaje mtu wa kwanza, na mchuuzi amwuziaje mtu wa mwisho. Aone kama wanahesabu kwa embe, kwa gunia au kwa sanduku, na maembe yapi hutupwa kwa kupondeka. Akirudi Ngao na dalali akamtajia bei chini ya mwembe, atajua kama ni bei ya haki au ni bei ya mtu asiyejua. Nauli ya safari hiyo moja yaweza kurudi katika msimu mmoja.

Ampelekaye mgonjwa Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi huiita Makadara, aje na barua ya rufaa kutoka hospitali yake, karatasi zote za dawa, kitambulisho na kadi ya bima ikiwa anayo. Mengi ya yale masaa ambayo watu hupoteza mlangoni hupotea kwa karatasi iliyosahauliwa nyumbani. Wakiwa watu wawili wamemsindikiza, mmoja akae na mgonjwa na mwingine apumzike. Na huyo apumzikaye akitembea kidogo mjini hamwibii mgonjwa wake kitu.

Mwenye mtoto aliyemaliza shule na ampitishe mbele ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Chuo hicho chatokana na chuo cha mafunzo ya Waislamu kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Kikawa polyteknik mwaka 1972, na chuo kikuu mwaka 2013. Kijana ambaye ameliona lango husoma kwa namna nyingine kuliko yule aliyelisikia tu. Na kijana atakaye kuhamia mjini, afadhali auone kwanza akiwa mgeni mwenye nauli ya kurudi: aone chumba kimoja hupangishwa namna gani, maji ya kunywa hununuliwaje, na vijana wangapi husimama asubuhi wakingoja kibarua. Halafu aamue, akiwa na macho wazi. Wako waliofanikiwa mjini, na wako waliofanikiwa kwa kurudi shambani wakiwa wamejua soko.

KURUDI NYUMBANI

Mwisho, mtu wa Tana asitembee Mombasa kama aliyekuja kuomba. Embe analolila mtu wa mji lilikuzwa na tope la mto wake, na nyama iliyo katika pilau huenda ilichungwa nyikani kwake. Hata Wimbo wa Taifa, uimbwao shuleni na katika sherehe zote za Kenya tangu mwaka 1963, sauti yake ilitoka kwa akina mama wa Kipokomo waliokuwa wakibembeleza watoto, na Mzee Meza Morowa Galana ndiye aliyeileta. Mgeni akiusikia ukipigwa mjini, asimame wima kama wenzake, na ajue kwamba anasimamia pia wimbo wa nyumbani.

Akirudi Garsen, asiyafungie moyoni aliyoyaona. Awaeleze jirani bei za sokoni, saa za maji kujaa, karatasi zitakiwazo hospitali, na mahali pa kupanda gari. Mmoja akisafiri kwa akili, kijiji kizima huwa kimesafiri, na atakayefuata hatadanganywa kwa urahisi.